Wimbo Uliotutangulia Uwanjani

Jumatatu, 7 Julai
Kahawa tena. Vidole vinanata, mgongo si wangu. Mstari wangu umepakana na vibarua wa kijiji cha Kingerikiti. Nimechuma haraka, mdomo nao haukukaa kimya.

Jioni mazoezi ya kioda, ngoma yetu ya wanawake. Wimbo mpya nimeutunga mimi, wa mama, aliyezikwa Mbaha, kando ya ziwa, kabla sijafika mazishini. Mama Happy, malkia wa kundi, katukumbusha: usiimbwe nje ya ua wake mpaka Jumamosi, kwenye tamasha la usiku kucha hapa Mbinga mjini. Ukishachezwa na wengine, si wetu tena.

Jumatano, 9 Julai
Flotea ana jambo. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza, leo kapokea simu nje. Mara mbili. Nilipomfuata akakata. Eti shemeji. Shemeji gani? Marehemu mumewe hakuwa na ndugu.

Ijumaa, 11 Julai
Kaniomba nimwandikie ubeti wa tatu kwenye karatasi. Anasahau, anasema. Flotea huyu, anayekumbuka hata viatu nilivyovaa siku ya kipaimara! Nimempa, roho haitaki.

Jumapili, 13 Julai, asubuhi
Sijalala. Nina hasira.

Tulifika mapema, mimi, Mama Happy na Flotea mbele, kundi nyuma, magauni meupe chini ya masweta. Baridi kali. Tukanywa chai ya tangawizi, tukatazama wachongaji na vijana wa sarakasi. Mama Happy alicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa namtazama Flotea tu.

Saa sita akapotea. Nikamkuta nyuma ya turubai na mpiga ngoma wa Kingerikiti, wananong'ona. Nikarudi kwa wenzangu.

Saa nane likapanda jukwaani kundi la kioda la Kingerikiti. Wimbo wangu. Jina la mama wameliondoa, wameweka la malkia wao.

Flotea alikuwa amesharudi; nilimgeukia mbele ya kundi zima. Nikamwambia, "Vua gauni letu. Umemuuza mama yangu."

Alilivua, akabaki na kanga na sweta, akalikunja vizuri, akanipa. Akaondoka peke yake. Hatukucheza.

Jumatatu, 14 Julai
Shambani. Mama mmoja wa Kingerikiti, anayechuma mstari wa pili, kanisalimia kwa furaha.

"Dada, wimbo wako tumeucheza, umeona? Wiki nzima unatuimbia hapa, tukajua umetugawia."

Kwao, huku kwenye kahawa anayeimba anaimbia wote, wimbo ni wa wote. Nikamuuliza huyo mama, mpiga ngoma wao ana nini na Flotea. Akacheka. Anamchumbia, wazee hawajaambiwa, ndiyo maana wanajificha.

Ni mimi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Jumanne, 15 Julai
Nimemwambia Mama Happy mbele ya kundi. Aibu niliyoipata nimestahili.

Kisha nimepiga pasi gauni, nimekwenda kwa Flotea. Alikuwa anapukuchua mahindi. Kanipa kigoda. Nikasema yote, nikaomba msamaha. Akasema, "Nimesikia." Basi. Tukapukuchua pamoja mpaka karai likajaa.

Gauni hakulipokea. Nimerudi nalo.

Jumatano, 16 Julai
Kahawa. Wa mstari wa pili wameniomba niwaanzishie wimbo. Nimesema koo linauma.

Gauni nimelitundika juu ya kitanda. Jumapili nitalipeleka tena.