Binti Yangu Amezilainisha Nyayo Zangu

Mpendwa mshauri,

Nimesoma safu yako miaka mingi nikiwaonea huruma wengine, leo ni zamu yangu, naomba unisaidie. Nina miaka sitini na tisa, nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Nilipokuwa na miaka tisa vita vilitutoa kwetu, mama akatembea nasi miezi mitatu, mdogo wangu mgongoni, mimi nimeshika upindo wa nguo yake, tukafika ugenini, na huko nikakua na kuzeeka. Mwaka huu niliamua kuirudia njia ile ile kwa miguu, kwa vipande viwili: siku arobaini na moja hadi mji huu anakoishi binti yangu, nipumzike, kisha kipande cha pili hadi kwetu.

Nilidhani naijua safari ya mama kwa kuwa niliisikia mara mia. Siku ya kumi na tisa nilipanda mlima tangu alfajiri, nikafika juu saa nane mchana, nimebeba kilo saba tu, nikatazama nilikotoka na ninakokwenda, uwanda hauna mwisho pande zote, nikakaa chini mbele ya jambo lile: mwanamke mmoja, watoto wawili, chungu kichwani, bila ramani, na jioni ile mlimani alituimbia. Nakumbuka alituimbia.

Basi nikafika kwa binti yangu. Ana saluni chini ya ghorofa anakoishi, anasuka nywele na kutengeneza miguu ya wateja. Aliponivua viatu akasema, "Baba, hizi si nyayo, ni matairi."

Mteja aliyekuwa anasukwa akadakia, "Mwache mzee, dada. Matairi ya zamani hayo, hayapasuki."

Tukacheka wote. Tangu hapo kila jioni akimaliza kazi ananiketisha kwenye kiti cha wateja, analoweka miguu yangu katika beseni la maji ya moto, anaisugua kwa jiwe, anaipaka mafuta huku akinisimulia ya siku nzima. Leo ni siku ya kumi na nane. Sugu zote zimekwisha, mshauri, sugu nilizozipata kwa mwezi mzima wa malengelenge, na bila sugu sifiki mbali. Nililijua hilo tangu jioni ya pili. Sikusema, kwa kuwa anaamini nimekuja kutulia kwake, na kwa kuwa hakuna aliyenishika miguu tangu mama alipokuwa akinitoa miiba.

Akiwa kazini napanga begi, napanda na kushuka ngazi za ghorofa tano mara kumi, hata jirani ameniuliza nimepoteza nini. Mvua zitaanza baada ya wiki saba, na mto ulio mwendo wa wiki tatu kutoka hapa hauvukiki zikishaanza, na kusubiri mwaka mwingine kwa umri wangu ni kamari. Nimepanga kuondoka Jumatatu alfajiri, nimwachie barua mezani, maana nikimwambia uso kwa uso atalia nami nitabaki. Je, nakosea?

Mzee wa Ngazi

JIBU

Mzee wangu, pokea heshima zangu kwanza, kwa sababu nitakukaripia. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika pale mlimani niliinuka kitini bila kujua kwa nini.

Lakini unakosea. Umesahihisha makosa ya watu maisha yako yote, hili la kwako hulioni? Binti alikuta miguu ya baba yake imeumia, akaiuguza. Mwenye kosa ni aliyekaa kitini akanyamaza. Kwa raha yenyewe sikulaumu, uliistahili.

Na hesabu yako mwenyewe, wiki saba toa tatu, inakupa hadi wiki nne za kujiandaa. Unakimbilia Jumatatu kwa sababu mwenye siri huziona siku ndefu. Ukitoka na nyayo hizo, siku ya tatu utakuwa umeketi kando ya barabara.

Leo jioni, kabla hajachota maji, mketishe yeye kwenye kile kiti. Mwambie unakwenda, na mwambie njia hiyo ni ya nani. Katika barua nzima sikuona mahali ulipomsimulia habari za bibi yake. Akilia, mwache alie, wala usimtulize kwa kumwahidi kubaki. Kuanzia kesho, jiwe basi na maji ya moto basi. Tembea pekupeku kwenye changarawe kila asubuhi, begi mgongoni, nusu saa, kisha saa nzima, kisha mbili. Fanya hivyo wiki mbili na nusu. Soksi nyembamba ndani, nzito juu yake. Lengelenge likitokea, pumzika siku hiyo hiyo.

Siku ya safari afunge saluni akusindikize hadi nyumba za mwisho za mji, na begi abebe yeye. Hapo muagane. Mwache ageuke yeye kwanza, umtazame mpaka apotee machoni, ndipo uanze kutembea.