Kitanda Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Dada Skola,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini sijazoea kukuanza bila hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua, ukiwa darasa la tano na mimi la pili, ukasisitiza kwamba lazima mtu aulize afya ya anayemwandikia kabla ya kumwaga shida zake. Leo naruka hapo. Nina habari moja tu: ile nyumba imefunguliwa.

Ndiyo, ile ile. Nyumba ya kusubiria wajawazito, nyuma ya kituo cha afya, yenye bati la kijani na kibao kikubwa kuliko madirisha yake. Kibao bado kipo. Kinasema ni zawadi ya serikali ya ng'ambo kwa wanawake na wasichana wa Rukwa, na chini yake imechorwa mikono miwili imeshikana. Ulikisoma kwa sauti siku ile ulipopanda kutoka Kabwe, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika beseni lenye pamba, wembe na glovu, kwa sababu tangu serikali yetu ianze huu wimbo wa kuchangia huduma, mjamzito anakwenda kuzaa na duka lake kichwani. Ukakisoma hadi mwisho. Halafu ukaona kufuli mlangoni.

Ulicheka, dada. Ukasema, "Kumbe wametujengea ya kutazama."

Tukachungulia dirishani. Vitanda kumi na viwili, magodoro mapya bado yamo ndani ya nailoni, vyandarua vimefungwa juu kwa mafundo mazuri. Nyumba ilikuwa imekwisha tangu mavuno ya ulezi, na siku ile tuliyochungulia mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Miezi yote hiyo hakuna aliyelala humo isipokuwa popo.

Tukaenda ofisini kwa Bwana Mratibu wa mradi. Unamkumbuka: suti ya mtumba iliyopigwa pasi ikapigika, kalamu mbili mfukoni, na tabasamu la mtu aliyetoka semina. Zamani alikuwa bwana shamba huko vijijini. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa na kila mkulima akaambiwa atafute soko lake mwenyewe, naye akatafuta lake, akatupata sisi wanawake. Wewe ulimweleza vizuri kabisa, kwa adabu, kwamba Kabwe ni mbali, kwamba uzazi uliopita ulikusumbua, kwamba nesi wa kule ndiye aliyekwambia upande mapema usubirie hapa. Akasikiliza huku anapanga karatasi. Kisha akasema, "Haiwezi kutumika kabla mgeni rasmi hajaizindua, mama. Mkiingia sasa itachafuka."

Itachafuka! Nyumba ya kuzalia! Nimelitafuna neno hilo mpaka leo halijashuka. Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yako niliangalia chini, nikajifanya natazama viatu. Wewe ukamuuliza mgeni anakuja lini. Akasema baada ya wiki tatu, kutoka kwenye serikali yenyewe iliyotoa msaada, na akakuandika kwenye daftari, ukawa namba moja. Ukatoka pale unafurahi. "Mimi wa kwanza kabisa," ulisema, ukanipiga bega.

Sasa nakuja kwenye langu. Ulikaa kwangu Milanzi siku nne. Siku ya tano ukasema bora urudi, watoto umewaacha na baba yao ambaye hajui hata chumvi inawekwa wapi, utapanda tena wiki ikikaribia. Nami nikasema, "Basi dada, rudi tu, nitakutumia habari." Nilisema haraka mno. Vyumba vyetu ni viwili, ulilala mkekani na wanangu, mume wangu alikuwa ameanza kununa. Nikakusindikiza hadi kwenye lori la dagaa pale Majengo, ukasukumwa juu ya magunia matupu, nikapunga mkono, nikarudi nyumbani nikafua shuka. Nilijisikia nafuu. Hili sijamwambia mtu yeyote, wala padri.

Wiki tatu zikapita, mgeni hakuja. Ikasemwa kwamba bajeti ya kwao haijapita bungeni. Kisha ikasemwa kwao kuna uchaguzi na hawajui nani atabaki kwenye kiti. Kisha ikasemwa mvua imeharibu barabara na mtu wa hadhi ile hawezi kupitishwa kwenye matope. Nilikwenda kuuliza mara tatu. Mara ya tatu Bwana Mratibu alinijibu bila kuinua kichwa, "Wenzetu wana taratibu zao." Sikukutumia habari yoyote, maana sikuwa nayo.

Wewe ukapitishwa kwenye matope hayo hayo, na uchungu wa siku ya pili. Lori likakwama mlimani. Shemeji anasema uliomba maji, ukanywa kidogo, ukasema umechoka. Basi. Mlizikwa kaburi moja, wewe na mtoto. Alikuwa wa kike.

Wiki tuliyokuzika, mjini kulikuwa na semina ya siku tatu kuhusu vifo vya akina mama. Mwenyekiti wake unamjua, ni yule yule wa kalamu mbili. Walipewa mikoba yenye maandishi, wakala pilau ya kuku. Nilipita pale nje bado nimejifunga kanga ya msiba, nikawakuta wanapiga picha ya pamoja ngazini, wafupi wamepangwa mbele. Wametamka "jinsia" na "uwezeshaji" kwa siku tatu mfululizo, na wote walikuwa wanajua kufuli liko wapi.

Mwezi uliopita mgeni akaja kweli. Hapo ndipo ungecheka mpaka ukae chini. Ikagundulika kwamba vitanda havina watu, na mgeni ameandika kwamba anataka kuwaona walengwa. Walengwa ndiyo sisi, dada. Wanawake wa vijijini walikuwa wameshaacha kuja, habari za kufuli zilifika hadi bondeni. Kwa hiyo gari la mradi likazunguka Milanzi na Majengo kukusanya matumbo. Mimi langu lilikuwa la miezi minane, wakalipenda. Walihitaji kumi na wawili, wakapata kumi, na wawili wa kujazia walikuwa wanene tu.

Unaniuliza kwa nini nilikubali. Nilitaka kuuona mlango ukifunguliwa. Hiyo tu.

Tukafundishwa wimbo wa shukrani. Tukapewa fulana nyeupe zenye maandishi ya Kizungu kifuani, fulana zilizoshonwa kwa ajili ya wasichana wa shule. Matumbo yakabaki nje yote kumi, Bwana Mratibu akakimbia huku na huku kutafuta vitenge vya kuyafunika. Nesi Odilia, yule mpole wa zamu, akataka kuyavua magodoro nailoni zake. Akakatazwa. "Mgeni aone kwamba ni mapya," Mratibu alisema. Basi tukapandishwa juu ya nailoni, kila mtu akijigeuza kunapiga kelele chumba kizima. Nilipewa kitanda cha karibu na mlango. Nililala hapo nikitazama dari, nikawaza kwamba mtu namba moja kwenye daftari angelazwa hapa.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe, viatu vya mtu anayepanda milima. Akakata utepe, tukaimba. Akahutubia. Alisema watu wa nchi yake wanakatwa kodi kwa moyo mkunjufu kwa ajili ya wanawake na wasichana wasiowajua. Namwamini, na nawasikitikia hao watu wake, wanaoamka kwenda kazini ili Bwana Mratibu apate utepe wa kunyoosha. Kisha akaingia ndani, akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza nimekaa hapa muda gani. Mratibu akanijibia kwa Kizungu. Odilia aliniambia baadaye kwamba alisema wiki mbili. Yule mama machozi yakamlengalenga.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikakosa pa kumshikia. Lakini hakuuliza swali la pili. Ametoka ng'ambo yote ile, amefika hadi Ufipa kwenye upepo huu, na swali la pili limemshinda. Nami nilikuwa na ulimi, sikuutumia. Wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Yote hayo yalichukua muda usiotosha hata kuivisha maharage.

Vumbi la magari lilipotulia Bwana Mratibu akaingia anapiga makofi. "Haya akina mama, tunashukuru sana, mmetuwakilisha vizuri. Fulana mziache hapo mezani, mnaweza kwenda."

Nikadhani sikusikia sawasawa. Odilia akamuuliza, "Si imeshazinduliwa?" Akasema kuzinduliwa ni kitu kimoja na makabidhiano ni kitu kingine, makabidhiano bado, kuna barua inasubiriwa kutoka juu.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alikuwapo mama mmoja Msukuma, Mama Masanja, mke wa mfugaji. Walimkuta sokoni na tumbo la miezi tisa, wakampakia kwenye gari bila kumuuliza anatoka wapi. Kumbe alikuwa amepanda kwa miguu kutoka bondeni, siku mbili, akitafuta pa kuzalia. Akasema, "Niende wapi?" Mratibu akamwambia arudi nyumbani asubiri tangazo. Mama Masanja akamtazama kama mtu anavyomtazama ndama mgonjwa, akaushika upindo wa nailoni pembeni mwa godoro, akaichana nailoni kutoka juu hadi chini. Kisha akalala, akageukia ukutani, akajifunika kitenge gubigubi.

Mimi ningeweza kwenda, dada. Nyumba yangu iko hapo, hatua chache. Niliketi, nikashusha miguu, nikatafuta kandambili zangu. Halafu nikazipandisha tena kitandani hizo kandambili pamoja na mimi. Nikachana nailoni yangu. Nikamsikia wa tatu anachana ya kwake, na wa nne. Hata wale wanene wawili walichana, Mungu awabariki.

Bwana Mratibu akapayuka kuhusu mali ya mradi. Akasema tunaharibu uhusiano na wahisani. Akasema kuna taratibu. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka, nikamwambia, "Dada yangu alifuata taratibu. Alikuwa namba moja kwenye daftari lako, kalisome." Nilikuwa nasubiri aseme pole, hata ya uongo. Akasema, "Mimi sikuhusika na usafiri wake." Nikaona mtu huyu ni mdogo, hata kumchukia ni hasara, nikageukia ukutani kama Mama Masanja.

Akaita mgambo. Mgambo akaja na rungu lake, akachungulia, akasema, "Mzee, mimi siwezi kuburuta mwenye mimba, nina mama." Akaondoka. Odilia alikuwa ameshatoka nje. Nilichosikia baadaye ni sufuria inagonga mafiga. Alikuwa amebandika maji ya moto. Alfajiri ya tatu Mama Masanja akajifungua mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ile ile wakaja wawili kutoka Namanyere, na hakuna aliyewafukuza.

Wiki ya pili ikaja barua kutoka juu. Imesema nyumba imeanza kutoa huduma kama ilivyopangwa. Kama ilivyopangwa, Skola! Na ofisini kwa Bwana Mratibu sasa kuna kalenda mpya yenye picha ya mgeni akinishika mkono. Chini wameandika kwamba mimi ni mnufaika. Anaionyesha kwa kila anayeingia. Nasikia ataenda ng'ambo kuwaeleza wenzetu jinsi alivyofanikiwa. Aende, kule nasikia baridi ni kali kuliko hii yetu.

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kitanda hicho hicho. Tumbo limeshuka, Odilia anasema ni siku chache. Watu wananishauri nikipata wa kike nimpe jina lako. Nimekataa. Wewe hukuwa jina, ulikuwa dada yangu, na nilikurudisha.

Binti yako Perpetua hajaenda shule tangu ufe. Anapika, anafua, anabeba mdogo wake mgongoni, na shemeji ananiandikia kwa fahari kwamba mtoto ni mchapakazi. Nikishazaa na kupata nguvu nitashuka Kabwe. Nitakaa kidogo kaburini kwako, nikuombe radhi kwa mdomo wangu, kwa sababu karatasi hii imekuwa rahisi mno. Halafu nitapanda na watoto wako wote wawili, Perpetua aingie darasani hapa Milanzi. Shemeji atabisha, nitamwacha abishe. Mume wangu nimeshamwambia. Akaniambia vyumba ni viwili. Nikamjibu ndiyo, ni viwili, na watalala humo.

Lala salama, dada. Wanao hawatarudishwa.

Mdogo wako,
Yustina