Bi Pascalia Amesoma Barua Yako

Mjambere, Kisauni,
Mombasa.
9 Juni 1991

Mpendwa mpwa wangu Mwanaima,

Marahaba, kabla hujaniamkia, maana adabu zako nazijua. U hali gani na baridi ya Uingereza? Mie nimeshailala baridi hiyo, meli yetu ikingoja mzigo bandarini, nikawafundisha Wazungu kuvaa kikoi juu ya suruali. Huku tu wazima alhamdulillahi, ila mguu wangu wa kushoto, nao una kiburi kama mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mie niliyeishia darasa la nne nikaizunguka dunia, nimeelewa yote. Kozi hiyo ya walimu wa wauguzi inataka uichunguze shule yako mwenyewe, useme pabovu ni wapi, kisha urudi uiongoze. Na pabovu umepaona: wanafunzi wakishindwa kusoma kipimajoto hunakili joto la jana, kwa kumwogopa Bi Pascalia. Sasa wasema bora uache kozi kuliko kumwandika vibaya mwalimu aliyekulea.

Nilicheka. Nimekumbuka mwaka ule wa themanini na mbili, unasomea uuguzi, mgonjwa wako wa mazoezi ni mie. Kutwa nimelazwa mkekani, kipimajoto kwapani, mamako anipita: "Kaka, leo wafa kwa ugonjwa gani?" Siku niliyoshikwa na homa ya kweli, ukaniandikia joto lile lile la jana yake. Nilipotetemeka meno yakagongana, ndipo ukalia: "Mjomba, sijui kukisoma, na Bi Pascalia hatumuulizi, atupiga rula." Enzi hizo, wallahi! Hata homa ile naitamani.

Sasa nisamehe. Barua yako nimempelekea Bi Pascalia kwake Changamwe. Usivunje kikombe! Aliisoma amesimama. Nikaanza kumtolea maneno yangu ya utu uzima, akanikatiza: "Badi, hebu funga domo." Akakaa.

"Hata mimi nilinakili nikiwa mwanafunzi," akasema. "Mgonjwa wangu akazidiwa, na karatasi yasema hana homa. Nikaapa wanafunzi wangu hawatakosea. Kumbe nimewafundisha kuficha."



Nilipoaga akanifuata hadi mlangoni. "Mwambie aandike yote. Akirudi, aanze na sisi walimu. Nitakaa kiti cha mbele, niwe wa kwanza kuuliza nisilolijua, na wanafunzi waje watazame."

Basi maliza kozi, mwanangu. Kiti kishatafutwa.

Mamako akusalimu sana, na shangazi Mwanatumu, na Kioko jirani aulizaye kila siku kama huko kuna muhogo. Mola akufungue akili, akulinde na baridi, akurudishe kwetu na uso mkunjufu.

Ni mimi mjombako akupendaye, akusifuye kila kijiwe hadi watu wahama,

Badi