Dawa ya Kuku Katika Uji wa Baba

Mama yangu mpendwa,

Mjukuu wako Awino ametoka tu kunipaka omena usoni. Amepiga hatua mbili, akachota moja kwa gunia, akaniletea kama zawadi. Kwa hivyo salamu zangu zinanuka samaki, utanisamehe. Hapa Ogwedhi tuko wazima. Goti lako limepoa? Baba anakula?

Biashara inasonga. Wazee wanaoleta ng'ombe sokoni bado wananicheka, "Mama Awino, hii ni samaki ama ni wadudu?" Lakini wake zao wameanza kununua kidogo kidogo.

Sasa kaa chini. Nimeandika kwa sababu simu yako inaongea kwa sauti na boma nzima inasikia. Ni yale maneno ya uji.

Nilipokuja nyumbani na kufungua thamosi ya uji wa Baba, harufu niliijua. Nyumba ya Sabato, hata majani ya chai hatuingizi, halafu bhangi! Ukanishika mkono: "Nyamaza, mchungaji yuko kwa njia. Ni dawa ya kuku tu." Kweli tangu nikiwa mdogo ulikuwa unawapa kuku majani hayo wakishikwa na kideri. Ukaniambia, "Kuku alilaza shingo chini, kesho yake anadonoa. Baba yako naye si ana kichwa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu Baba akanywa, akaniangalia, akasema, "Atieno, umekonda." Mama, aliniita jina! Tangu mavuno alikuwa ananiita mgeni. Nilitaka kukuambia uchemshe sufuria nzima. Sikudanganyi. Lakini si uliona alipoinuka? Miguu ikapishana, akaanguka mlangoni, akauliza hii ni nyumba ya nani.

Nilipopeleka Awino sindano nikamwambia nesi yote. Niliogopa, akasema, "Mimi si askari, ongea." Amenieleza hivi: hilo jani lina vitu vingi ndani. Kuna kinacholevya, kuna kisicholevya. Watu waliosoma wamejaribu kwa panya wazee, na baadhi ya panya hao walikumbuka njia tena. Nikaruka, "Si ndiyo hiyo!" Akasema, "Polepole. Baba yako si panya. Kwa wazee bado wanatafuta, na sufuria ya mama haipimi kitu." Anasema mzee inaweza kumpa kizunguzungu, aanguke, achanganyikiwe zaidi, tena inaweza kugombana na tembe zake za presha. Na siku moja nzuri haionyeshi kama ni majani yalifanya. Siku nzuri hata huja zenyewe.

Lakini sikia kilichonifurahisha. Anasema kusahau kwingine kunatoka kwa damu kupungua, ama presha, ama tezi la shingo, na hiyo inatibika. Sisi tulisema tu ni uzee, hakuna aliyempima. Hata isipokuwa hivyo, kuna namna ya kumsaidia. Akaniambia pia, "Usimgombeze mama yako. Anampenda mzee wake." Hapo nililia kidogo.

Kwa hivyo Jumanne ya wiki ijayo mlete hospitali ya Homa Bay. Nitawangoja langoni na Awino. Beba tembe zake zote, za presha usimwachishe, na daktari umwambie ukweli wa majani. Kama unaona aibu nitasema mimi.

Nisalimie shangazi wa cherehani, na ndugu yangu mdogo aliyefunga shule. Mchungaji pia, lakini uji usimtajie. Baba Awino anakusalimu, ndiye huyo ananiita, gari la kurudisha magunia Mbita limewasha na barua inaenda nalo. Mama, kuanzia leo usimweke hata jani moja, hata akiniita mgeni mbele ya daktari, sitaumia, nataka wamwone yeye mwenyewe, nitamshika mkono nimwambie mimi ni Atieno, na akisahau nitamwambia tena.