Gunia Nalo Limezaa Mapacha

Baba Kulwa, mume wangu,

Mwaka umepita tangu tukuzike hapa Didia, na leo ndiyo mara ya kwanza nakuandikia. Jambo ulilolikimbia ukiwa hai nimelimaliza mimi. Nimelimaliza vibaya, na kwa aibu niliyo nayo sijui uso wangu niuweke wapi.

Unaikumbuka siku uliporudi kutoka mgodini Geita na ile pikipiki kuukuu? Ulikuwa fundi wa mitambo huko, na maringo yako yalitosha watu wawili. Ukiipanda peke yako ilikwenda vizuri. Nikikaa mimi nyuma, hatujaifikia hata barabara ya Shinyanga, injini inaanza kukohoa na kushtukashtuka, inataka kuzima. "Inamisi hii," ulisema, ukashinda umechuchumaa kutwa. Ulisugua plagi, ukafungua kabureta, ukachuja petroli kwa kanga yangu mpya, wala hukuniomba. Kisha ukaijaribu peke yako, ikanguruma vizuri, ukanicheka: "Tatizo ni wewe, Mama Kulwa!"

Wewe ulitania. Mama yako hakutania. Kulwa na Doto walikuwa bado wananyonya, na mimi, binti wa katekista, nilikuwa nimekataa kufanyiwa mila ya mapacha. "Mabasa hawa hawajatambikiwa," alisema, maana ndivyo Wasukuma tunavyowaita mapacha. "Ndiyo maana chombo kinamkataa." Nilikutazama useme neno. Uliinama ukaendelea kufuta spana zako.

Basi nikakubali, yaishe. Nilikaa uani nikinyunyiziwa maji ya unga, wanawake wakiniimbia nyimbo za matusi kama mila inavyotaka, nawe uko nje unasikia kila neno. Siku ya mnada ukanipandisha mbele ya watu wote waone kwamba nimetakasika. Ikakohoa palepale. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikashuka, nikarudi nyumbani kwa miguu, nawe ukanipita njiani, pikipiki yako ikinguruma bila kasoro.

Wakati wa mavuno ukafunga gunia la mpunga mahali pangu. Ikakohoa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. "Baba Kulwa," nikasema, "kumbe gunia nalo limezaa mapacha!"

Hukucheka. Ulikibonyeza kiti kwa mikono miwili, ukakifungua. Chini yake, upande wa abiria, ulipita waya unaopeleka moto kwenye plagi, na mpira wake ulikuwa umelika. Kiti kikielemewa, kiliugandamiza kwenye chuma, moto ukapotelea hapo. Ulikuwa umejaribu kila kitu ila uzito. Ukauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, na haikukohoa tena.

"Mwambie mama," nikakuomba.

"Nitamwambia."

Uliona haya, fundi mzima kushindwa na waya. Mama akawa anatangaza kijiji kizima kwamba mila ndiyo iliyoiponya pikipiki, ilichelewa tu kufanya kazi. Ukanyamaza mpaka homa ilipokuchukua, na mimi nikanyamaza kwa heshima yako.

Mwezi huu Minza, mke wa mdogo wako Masanja, amejifungua mapacha. Naye hataki kuimbiwa. Mama akaniita kwa Masanja, mbele ya ukoo, nishuhudie kwamba mila ilinifaa. Ningeweza kusema tu, "Mama, ulikuwa waya." Badala yake nilitoka nje penye pikipiki yako, ambayo sasa anaiendesha Masanja, nikauondoa ule mpira wako wa tyubu, nikamwomba mama apande nyuma ya Masanja azunguke kidogo. Baba Kulwa, alivyofurahi! Tangu uinunue hakuna aliyewahi kumpandisha. Alijifunga kanga vizuri, akamshika Masanja kiuno, akicheka. Hawakufika hata zizini, ikaanza kukohoa.

"Mayu," nikamwita mama yako kwa Kisukuma, kwa sauti, wote wasikie, "kumbe nawe umezaa mapacha na hukutambikiwa?"

Watu wakaangua kicheko. Mama akashuka. Nikakifungua kiti, nikawaonyesha waya. Minza amesalimika, na hilo silijutii hata kidogo. Lakini mama yako aliniuliza neno moja tu.

"Mwanangu alijua?"

"Alijua," nikajibu.

Akageuka, akashika njia ya kwake kwa miguu. Nilimfuata kwa mbali, nisithubutu kumfikia. Mwendo ule niliujua, niliutembea mwenyewe siku ya mnada. Mimi angalau nilikuwa na mume wa kumkasirikia. Yeye nimemnyang'anya mwanawe mara ya pili, naye mwanawe hayupo wa kujitetea. Laiti ungesema wewe, kwa mdomo wako, siku ile ya gunia.

Leo asubuhi nimekwenda kupiga magoti mlangoni kwake. Nilitaka anifukuze. "Shikamoo, mayu," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, akanisogezea kigoda, akaniuliza kama watoto wameamka salama. Nilikaa pale nisiweze kuinua macho.

Waya nimeurudishia mpira wake. Pumzika, baba wa wanangu, na ukiweza, nisamehe.

Mkeo,
Mama Kulwa