Mazulia Matatu ya Mkumbi

Tanga,
Jumapili, baada ya misa

Mume wangu Baba Imelda,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta umevaa sweta, maana najua mwezi huu ukungu wa Mkumbi hauondoki mpaka saa nne. Kifua chako kinaendeleaje? Ile dawa niliyokuachia juu ya kabati uliimaliza, au uliiacha ulipoanza kusikia nafuu, kama kawaida yako? Na mama je, goti lake? Imelda ameota lile jino la mbele? Mimi mzima, ila joto la huku linanipika taratibu. Nimekonda shingoni, na samaki wa baharini bado hatujapatana. Aliyemzoea mbasa wa ziwani kwetu Ngumbo, huyu wa huku anamla kwa adabu tu.

Masomo ya ukunga yanakwenda. Wiki iliyopita nimezalisha mapacha, wa pili akitanguliza miguu, na mkufunzi wetu alisimama pembeni bila kunigusa mkono. Nilipotoka wodini nililia. Nilitamani ungekuwepo nikuhadithie, kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia nije, wakati kaka zako walisema mke akishapata mtoto hasomeshwi tena. Hilo sijalisahau, na ndiyo maana haya ninayoyaandika hapa chini yananiuma.

Barua yako na picha vimefika. Sasa tuzungumze habari ya mazulia.

Umeandika kwamba umenunua mazulia matatu pale Mbinga mjini, yenye maua mekundu makubwa na miraba ya bluu na manjano, "ili yaendane na mapazia." Baba Imelda, maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko daftari langu la masomo. Tangu lini wewe unajua kitu kuendana na kitu? Siku ya harusi yetu ulivaa koti la kijani na suruali ya kahawia, ukasema nguo ni nguo. Na mapazia gani hayo? Mimi niliacha kanga yangu dirishani, imeshikwa kwa misumari miwili.

Najua utasema siku hizi ni ruksa, maduka yamejaa, wanunuzi binafsi wanapanda hadi shambani kutafuta kahawa, kwa nini na sisi tusiishi kama watu. Sawa. Lakini nimekaa Mkumbi misimu tisa ya kahawa, na mimi mtu wa ziwani huwaangalia ninyi watu wa milimani kwa macho ya mgeni. Nyumba ya mwanamume haipambwi ghafla msimu wa kahawa bila sababu. Jirani yetu Baba Kaspari alianza na redio. Ikafuata godoro la sponji, mkewe akasifiwa kisimani, naye akawa anatabasamu kutwa. Kabla kahawa haijachanua tena, akashuka mwanamke mwingine kwenye lori na sanduku lake, na godoro likahamia chumba kingine. Dalili ya mvua ni mawingu, mume wangu.

Na wewe si mtu wa mapambo. Ule mkeka wa harusi alionisukia mama yangu kule Ngumbo, wa rangi tatu, uliuchukua ukaanikia kahawa vichanja vilipojaa. Niliporudi kutoka zahanati niliukuta umekuwa rangi ya maji ya kukobolea kahawa. Nilinuna siku nne. Ukaniuliza, "Sasa mama, mkeka si wa kuanikia? Unalia nini?" Mtu huyo leo ananiandikia habari za mazulia ya maua! Nani amemfundisha?

Basi nikaichukua picha nikaikagua kama ninavyompima mjamzito. Umekaa kitini, mikono magotini, umenyoa. Mazulia mawili yako miguuni pako. Mwanzo nilidhani mpiga picha kaharibu, kwa sababu maua siyaoni. Kisha nikatambua kwamba umeyatandika kifudifudi. Maua yameangalia sakafu, mgongo wa kigunia uko juu. Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani, mama mmoja wa Singida, akaja kuangalia.

"Kwa nini kayageuza?" akauliza.

"Ili maua yasichakae. Siku ya mgeni atayageuza."

Nakujua. Hata koti lako la kanisani hulivaa ndani nje ukipanda lori la kahawa, ukifika Mbinga ndipo unaligeuza.

"Basi tulia, dada," akasema yule mama. "Nyumba hiyo haina mwanamke. Hakuna mwanamke atakayenunuliwa maua akakubali yalazwe kifudifudi."

Nilimwamini. Siku tatu nilikuwa mtu mwingine. Nilikula nikashiba, niliimba wodini, na nikaanza hata kukuandikia barua tamu, ambayo nimeichana.

Nimeichana leo. Tulipotoka misa niliipeleka picha dirishani nikuone vizuri, maana nimekukumbuka, nikaona nyuma ya bega lako mlango wa chumba chetu uko wazi kidogo. Zulia la tatu liko humo. Hilo halikugeuzwa. Maua yako juu, limenyooka sawasawa na kitanda, na matamvua yake yamechanwa yote yakaelekea upande mmoja. Nikakaa kwenye kitanda cha mwenzangu.

Hiyo si kazi yako. Wewe hata nywele zako hujawahi kuzichana zikakubali. Nikaanza kupitia watu mmoja mmoja. Mama yako siye, kwa sababu mama haingii chumbani mwa mwanawe aliyeoa. Hilo Mkumbi nzima inalijua, na yeye ndiye wa kwanza kulishika. Wifi Skola yuko Kingerikiti kwa mumewe, na kichanga mgongoni. Imelda analala kwa bibi yake, na mikono ya mtoto wa miaka sita haina subira ile. Nimepitia watu mpaka wakaniishia.

Labda nakuonea. Labda ulipiga magoti siku nzima ukachana nyuzi huku ukinifikiria, na mimi hapa nakutukana moyoni. Ningefurahi kukosea kuliko nilivyofurahi kwa wale mapacha. Lakini naogopa, Baba Imelda. Naogopa kurudi na cheti changu mkononi nikapokelewa sebuleni kwangu kama mgeni wa kugeuziwa mazulia.

Wiki hii wamebandika karatasi ubaoni kwamba anayetaka kubaki kufanya kazi huku Tanga aandike jina. Langu nimeliandika kwa penseli. Karatasi itabanduliwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usinijibu kwa mafumbo, wala usimtume kaka yako mkubwa aniandikie habari za uvumilivu wa ndoa, maana hizo nilizisikia kwa padri. Niandikie wewe, kwa mkono wako, jina la mtu aliyeingia chumbani kwetu. Likiwa ni jina la kunichekesha, nitafuta jina langu siku hiyohiyo na nitapanda basi la kwanza tukimaliza mitihani.

Msalimie mama, mwambie goti alikande kwa maji ya moto, asimsikilize anayemwambia apake mafuta ya taa. Imelda mwambie nimemwekea kitambaa cha gauni, cha bluu kama alivyotaka. Wifi Skola mpe hongera ya mtoto, nitamwandikia mwenyewe. Kaka yako mkubwa naye mpe salamu, hata kama hazitaki. Jirani yetu Mama Kaspari umsalimie sana, kuliko wote.

Na huyo aliyetandika zulia la chumbani, msalimie pia. Mwambie amelitandika vizuri, nimeliona. Ila amelitandika upande wangu wa kitanda.

Ni mimi mkeo,
Anjela, Mama Imelda