Mkeka Sichomi

Jumatatu, 8 Septemba 2014
Ofisi tatu za kudeki kabla ya saa mbili. Metro namba 5, nimesimama njia nzima. Nikikaa, mgongo unakasirika. Nyumbani Anderlecht nimetandika mkeka wa yoga kati ya kitanda na kabati. Hakuna nafasi nyingine. Baba Yetu mara moja, kwa kunong'ona, taratibu, ni pumzi tano. Ndio muda wa kukaa katika kila mkao. Sihitaji saa.

Jumamosi nafanya darasa la majaribio kwenye studio ya yoga, barabara ya Chaussée d'Ixelles. Madame Sabine, mwenye studio, akiridhika, nitapata vipindi vya kudumu na kudeki kwaheri. Nina miaka arobaini na sita. Sijawahi kutaka kazi hivi.

Jumanne, 9 Septemba
Kaka amepiga simu kutoka Lubumbashi. Amecheka mpaka akakohoa. Nilikuja Ubelgiji kusomea uchoraji, nikageuka mwongoza kwaya, sasa nafundisha Wazungu kujinyoosha. Anasema nitamalizia kwenye sarakasi. Nimecheka naye, kisha nimekata simu nikiwa na hasira.

Hakuna nilichoacha. Miaka minne chuoni nilichora watu uchi, nikajifunza uzito wa mwili unashukia wapi. Kumi na mmoja kwenye kwaya nilijifunza pumzi. Mgongo uliponigomea, daktari akanituma yoga, nikakuta vyote viwili viko huko. Kaka hataelewa. Basi.

Alhamisi, 11 Septemba
Mchungaji ameniita. Kuna aliyeona tangazo la studio, picha yangu ikiwemo. Anasema yoga ni mlango wa mashetani. Amesema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi.

"Bon, Maman Clarisse. Ile mukeka utaileta dimanche, kwa ibada. Utatubu mbele ya watu, tutaichoma."

Nisipotubu, kwaya si yangu tena. Kanisani kwetu tumechoma hirizi, bangili, hata picha za wachumba wa zamani. Niliimba vikiungua, tena kwa sauti ya juu. Leo naona aibu.

Maman Philo, mkuu wa mashemasi, alikuwa ameketi pembeni. Rafiki yangu tangu mwaka niliofika. Hakunitetea. Alikuwa anasugua goti tu.

Ijumaa, 12 Septemba
Hasira kutwa. Nimeunguza sombe, kisamvu chetu.

Jumamosi, 13 Septemba
Wanafunzi tisa. Mwanamume mmoja bega lake limepanda kama hanga ya koti. Nimeligusa kwa kidole kimoja, likashuka. Nilijua litashuka. Niliwahi kuchora mabega ya namna hiyo mpaka nikayachoka.

Madame Sabine amesifu kila kitu. Halafu masharti. Wanafunzi wamenisikia ninanong'ona Baba Yetu. Studio haitaki dini. Nihesabu namba, na darasa nilifungue kwa Om, sauti takatifu ya Wahindu. Nyuma yake kulikuwa na sanamu ya mungu mwenye kichwa cha tembo, ubani unafuka miguuni pake. Sina ugomvi na tembo. Nimeuliza tu kwa nini yeye abaki na Baba Yetu atoke. Akasema huyo ni utamaduni.

Ningeweza kuhesabu moja, mbili, tatu, na kazi ingekuwa yangu. Nimekataa. Kwenye metro nimelia, kwa sababu niliitaka kweli.

Studio wanataka nikate nusu hii, kanisa nusu ile. Kesho ni zamu ya kanisa.

Jumapili, 14 Septemba
Nimevaa kitenge cha kwaya, mkeka kwapani. Kanisa letu lilikuwa ghala la matairi. Leo lilijaa hadi mlangoni. Habari ilikuwa imetembea. Uani, beseni la kuchomea lilikuwa tayari, kiberiti pembeni.

Mchungaji akanipa maikrofoni nitubu. Nikaiweka kwenye kiti. Nikatandika mkeka, nikapiga magoti nikiwatazama watu, makalio kwenye visigino, mgongo wima. Nikaanza Baba Yetu kwa sauti.

Nilijua watafanya nini. Kwetu mtu akiianza, hakuna anayebaki kimya. Mdomo unafuata wenyewe. Walianza kuisema mbio mbio, kama kawaida yao. Nikawashika, kama ninavyoishika kwaya inayotaka kunikimbia. Tulipofika "mapenzi yako" tulikuwa pamoja, tunavuta pumzi pamoja, tunaitoa pamoja. Mabega yakashuka, safu kwa safu. Niliyaona. Ya mchungaji pia.

Baada ya Amina nikakunja mkeka. Nikawaambia hili mlilolifanya sasa hivi ndilo ninalofundisha, na mkeka sichomi. Nimetoka kwa kupita uani, karibu kabisa na lile beseni. Hakuna aliyenizuia.

Jumatano, 17 Septemba
Ujumbe wa simu, mistari miwili. Kwaya ina mwongozaji mpya. Imeniuma kuliko nilivyotarajia. Hata asante hakuna.

Nimemwomba mlinzi wa jengo letu ule ukumbi wa wapangaji, kule chini. Hautumiki Jumamosi asubuhi. Amekubali. Tangazo nimelichora kwa mkono: mwanamke amepiga magoti. Miaka mingi sijachora. Goti la kushoto limetoka vibaya, nimeliacha hivyo hivyo. Nimelibandika kwenye lifti.

Jumamosi, 27 Septemba
Wamekuja wawili. Fatiha, jirani wa ghorofa ya tatu, na binti yake. Nimefagia, nimefungua madirisha. Nikawaeleza kwamba ninapima pumzi kwa sala yangu, na wao watumie wanachotaka. Fatiha akasema anayo ya kwake.

Mlango ukafunguliwa. Maman Philo, na kitenge cha zamani kimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Hakusalimia vizuri, aliona aibu.

"Nimeambia watu naenda kwa kiné, kukandwa viungo," akasema. "Magoti inaniuma, Maman."

Nilikunja kile kitenge mara nne, nikakiweka chini ya magoti yake, nikamshika kiwiko mpaka akafika chini. Tukaanza. Fatiha midomo ikicheza, binti yake kafumba macho, mimi na Baba Yetu yangu.

Maman Philo alifika Amina kabla yetu sote. Nikamwambia arudie, taratibu.